Kupima Alichojifunza Mwanafunzi wa Uzamili katika Uongozi wa Elimu: Hotuba kwa Wahadhiri na Viongozi wa Shule

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wakuu wa shule na walimu wakuu mlioacha shughuli zenu ili mkae nasi leo, wathibiti ubora wa shule, maafisa elimu kata, na ninyi wanafunzi wetu wa shahada ya uzamili, nawasalimu nyote kwa heshima.

Naomba nianze na faili moja. Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea shule ya sekondari ya kata ambayo mkuu wake alikuwa mwanafunzi wangu. Katika somo langu la usimamizi wa rasilimali watu alikuwa amepata alama A, na nakumbuka niliposahihisha karatasi yake niliiweka pembeni ili niwaonyeshe wenzangu mfano wa jibu lililokamilika. Alinipokea kwa furaha, akanitembeza madarasani, kisha kwa fahari akanipa faili la fomu za ufuatiliaji wa ufundishaji. Zilikuwa zaidi ya thelathini, zote zimejazwa, zote zina sahihi na muhuri. Nilizisoma moja baada ya nyingine, na katika sehemu ya maoni nikakuta sentensi ileile, kwa mwalimu wa Kiswahili, wa Biolojia, wa Hisabati na wa Uraia: “Somo limefundishwa vizuri, ongeza zana.”

Hakuwa mtu mvivu, wala hakuwa amejaza fomu bila kuingia darasani. Walimu wenyewe walinithibitishia kwamba aliingia na kukaa mpaka kengele. Nilipomuuliza alimwambia nini mwalimu wa Fizikia baada ya somo, alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa unyofu ambao sijausahau: “Mwalimu, kusema kweli sikujua nimwambie nini. Mimi ni mtu wa Historia.” Niliporudi chuoni nilitafuta karatasi yake ya mtihani. Swali la pili lilimtaka aeleze hatua za kumfuatilia mwalimu darasani, na alikuwa amezieleza zote kwa mpangilio, kuanzia mazungumzo kabla ya somo hadi mrejesho baada ya somo, na kwa kila hatua alikuwa amemtaja mwanazuoni wake. Nilikuwa nimempa alama zote za swali lile.

Kilichokosekana pale kilikuwa katika kipimo changu. Nilimpima uwezo wa kuandika kuhusu mazungumzo na mwalimu, kisha chuo kikampa cheti ambacho kila anayekisoma anaelewa kwamba mwenye nacho anaweza kuyafanya mazungumzo hayo. Hayo ni mambo mawili, na nafasi iliyopo kati yao ndiyo nataka tuizungumze leo.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno, kwa sababu ofisini kwetu tunayachanganya. Matokeo ya ujifunzaji ni kile ambacho mwanafunzi anakijua na anaweza kukifanya baada ya kumaliza masomo, na ambacho hakukijua au hakukiweza kabla. Alama ya somo ni kitu kingine. Ndani yake mna mtihani wa mwisho, majaribio ya darasani na kazi za kikundi ambazo pengine mmoja aliandika na wanne wakatia majina, na katika baadhi ya masomo mna hata mahudhurio. Ukimwonyesha mtu B+ ya somo la fedha na mipango, hawezi kukuambia kama mwenye alama hiyo anajua kuandaa bajeti ya shule au anajua tu kueleza maana ya bajeti. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu uliotolewa mwaka 2012, iliiweka shahada ya uzamili katika ngazi ya 9 kati ya 10, na ikataka kila ngazi ielezwe kwa maarifa, stadi na umahiri. Tumeitikia wito huo kwa kuandika orodha nzuri za matokeo katika mitaala yetu. Orodha zipo, na baadhi zimeandikwa kwa umakini mkubwa. Lakini tunapokwenda kupima, tunarudi kwenye karatasi ileile ya saa tatu.

Tuichunguze karatasi hiyo. Katika vyuo vyetu vingi mtihani wa mwisho una uzito wa asilimia 60 na kazi za ndani asilimia 40, na maelekezo ya mtihani husema: jibu maswali matatu kati ya matano, au manne kati ya sita. Uhuru huu wa kuchagua tumeurithi na tumeuzoea, na unaonekana ni wa huruma. Maana yake katika kupima matokeo ya ujifunzaji ni kwamba mwanafunzi asiyejua chochote kuhusu taratibu za manunuzi ya shule anaweza kuliruka swali hilo, akajibu mengine kwa ufasaha, akapata A, na mwaka unaofuata akakabidhiwa akaunti ya shule. Kwa mwanafunzi wa fasihi, kuchagua kati ya mshairi mmoja na mwingine hakuna madhara. Kwa mtu atakayekuwa na dhamana ya watoto mia nane na fedha za umma, kuna mambo ambayo hayapaswi kuwa ya hiari.

Tasnifu nayo tuisemee. Naithamini, nimesimamia nyingi, na sitaki iondolewe. Lakini tasnifu hupima uwezo wa kuuliza swali la utafiti, kukusanya data na kuitetea hoja mbele ya jopo. Huo ni uwezo mmoja kati ya kadhaa tulioahidi. Mwanafunzi anaweza kuandika sura tano kuhusu utoro wa wanafunzi katika wilaya fulani, akapewa shahada, na asiwe amewahi hata siku moja kukaa na mzazi ambaye mtoto wake ameacha shule. Kuna jambo jingine tunalolinong'ona kwenye korido, nami nataka lisemwe hapa wazi: kazi ya kuandikiwa imekuwa biashara, na sasa kuna programu za kompyuta zinazoandika aya nzima kwa sekunde chache. Kadiri tunavyotegemea maandishi peke yake, ndivyo tunavyozidi kukosa uhakika kwamba tunampima mtu aliyesimama mbele yetu.

Wenzetu wa Marekani wamelipitia jambo hili kwa miaka mingi, na kuna faida ya kutazama walikojikwaa. Mwaka 1996 baraza la wakuu wa elimu wa majimbo lilitoa viwango sita vya viongozi wa shule, vikarekebishwa mwaka 2008, na mwaka 2015 vikafuatiwa na viwango vipya kumi. Mwaka 2018 vikatolewa viwango mahususi vya programu zinazowaandaa viongozi hao. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2005, Arthur Levine, ambaye wakati huo alikuwa rais wa chuo cha ualimu cha Columbia huko New York, alitoa ripoti kali iliyosema kwamba programu nyingi za kuwaandaa viongozi wa shule nchini mwake zilikuwa dhaifu, masomo yake hayakuhusiana na kazi halisi ya mkuu wa shule, na masharti ya kuhitimu yalikuwa mepesi. Ripoti ile ilipingwa na wengi, tena kwa hoja za msingi, lakini iliwalazimisha kujiuliza wana ushahidi gani kwamba wahitimu wao wanaweza kazi.

Jibu lililonivutia zaidi lilitoka katika majimbo mawili. Massachusetts ilianzisha upimaji wa utendaji wenye kazi nne ambazo mwombaji wa leseni ya ukuu wa shule huzifanya ndani ya shule halisi, na California ikaanzisha wake wenye mizunguko mitatu, ambayo ni kuchambua data ya shule na kupendekeza hatua, kuongoza kundi la walimu wanaojifunza pamoja, na kumsaidia mwalimu mmoja akue katika ufundishaji wake. Mwombaji hurekodi video, huambatisha kumbukumbu za vikao, na hueleza kwa maandishi kwa nini alifanya alivyofanya. Wasahihishaji waliofunzwa husoma na kutazama. Sisemi tuichukue mifumo hiyo kama ilivyo. Ni ya gharama, inaendeshwa na serikali za majimbo kwa ajili ya leseni, na sisi hatuna leseni ya ukuu wa shule inayotolewa kwa mtihani. Ninachokiona kinatufaa ni kanuni iliyo ndani yake, kwamba ushahidi wa uongozi hutafutwa mahali uongozi unapofanyika.

Hapa nyumbani kanuni hiyo si ngeni. Chuo cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 1979 kwa jina la MANTEP, na ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa wakala wa serikali unaojulikana leo kama ADEM, yaani Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, kimewafundisha viongozi wa elimu kwa miongo mingi, na mafunzo yake yamefungamana na kazi za kila siku za mwalimu mkuu kuliko yetu ya chuo kikuu. Kenya nayo ilianzisha taasisi ya namna hiyo mwaka 1981. Nimewahi kusikia wahadhiri wenzangu wakisema kwamba hayo ni mafunzo ya ngazi ya chini, na kwamba shahada ya uzamili inahusu nadharia. Kwa heshima zote, nadhani hapo tunakosea. Kutumia nadharia kuamua ufanye nini saa nne asubuhi, mwalimu wako wa pekee wa Hisabati anapokuletea barua ya uhamisho, ni kazi ngumu zaidi kuliko kuieleza nadharia hiyo, kwa hiyo inastahili kupimwa katika ngazi ya juu kabisa.

Sasa nieleze ninachokipendekeza kwa mfano mmoja, na nitakaa nao kwa sababu ndipo ugumu wote ulipo. Tuchukue tokeo hili la ujifunzaji: mhitimu ataweza kumfuatilia mwalimu darasani na kumpa mrejesho unaomsaidia kubadilisha ufundishaji wake. Kazi ya upimaji iwe kwamba mwanafunzi, kwa ridhaa ya mwalimu, aingie darasani mara mbili katika kipindi cha wiki sita. Arekodi kwa sauti mazungumzo yake na mwalimu baada ya kila somo. Alete rekodi hizo pamoja na alichokiandika alipokuwa amekaa darasani na andalio la somo la mwalimu, na kurasa tatu au nne za kueleza kwa nini alichagua kuzungumzia jambo lile na kuliacha jingine. Simu ya kawaida inatosha kwa kurekodi.

Nilipoijaribu kazi hii na kundi dogo la wanafunzi wangu, nilijifunza mengi katika rekodi za kwanza kuliko katika mitihani ya miaka mingi. Wengi walizungumza wao peke yao. Mwalimu alisikika akisema “ndiyo” na “sawa”, basi. Mmoja alianza vizuri kwa kumuuliza mwalimu anaonaje somo lake, mwalimu akaanza kueleza kwamba wanafunzi wa nyuma hawakumwelewa, na badala ya kulifuata jambo hilo, mwanafunzi wangu akalikatisha ili arudi kwenye fomu na kuuliza kuhusu maazimio ya kazi. Nafasi ilikuwa imefunguliwa mbele yake naye hakuiona. Katika rekodi ya pili, baada ya kukaa naye na kumsikilizisha sauti yake mwenyewe, alinyamaza. Nahesabu ukimya ule, uliodumu sekunde kadhaa kabla mwalimu hajaendelea kusema, kuwa miongoni mwa matokeo bora ya ujifunzaji niliyowahi kuyashuhudia, na hakuna swali la mtihani ambalo lingeweza kunionyesha.

Kuna jambo lilijitokeza ambalo sikulitarajia, nalo ni lugha. Tunafundisha na kutahini uzamili kwa Kiingereza. Shule za msingi za serikali zinaendeshwa kwa Kiswahili, nyaraka nyingi zinazofika mezani kwa mwalimu mkuu ni za Kiswahili, na hata katika sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, kikao cha walimu, shauri la nidhamu na mkutano wa wazazi hufanyika kwa Kiswahili. Wanafunzi wawili ambao katika mitihani yangu walikuwa wa alama za kati, na ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kujivutavuta, walikuwa bora kuliko wote katika rekodi zile. Walijua kumwita mwalimu mzee kwa heshima inayomstahili na bado wakamwambia ukweli kuhusu somo lake. Walijua wakati wa kusema “naomba tulitazame hili pamoja” na wakati wa kusema “hapa sijaridhika”. Nililazimika kujiuliza ni miaka mingapi nimekuwa nikipima Kiingereza huku nikiamini kwamba napima uongozi. Pendekezo langu ni kwamba ushahidi wa kazi upokewe katika lugha ambayo kazi imefanyika, na tafakuri inayoambatana nao iandikwe kwa lugha ambayo kanuni za chuo zinaitaka.

Ushahidi wa namna hii hausahihishwi kwa kukisia. Unahitaji jedwali la vigezo, lenye safu chache na ngazi nne, na kila ngazi ieleze kitu kinachoonekana au kusikika. Kuandika “mrejesho mzuri sana” na “mrejesho mzuri” hakusaidii, kwa kuwa kila msahihishaji ana kipimo chake cha uzuri. Andika kwamba katika ngazi ya kwanza mwanafunzi anatoa maoni ya jumla yasiyotaja tukio lolote la somo. Katika ya pili anataja tukio la somo lakini haulizi mwalimu alikusudia nini. Katika ya tatu anataja tukio, anauliza, na pamoja na mwalimu wanaamua hatua moja ya kujaribu. Katika ya nne anafanya hayo yote, na katika ufuatiliaji wa pili anarudi kwenye hatua ile kuona imezaa nini. Ukiwa na maelezo hayo, faili nililoanza nalo linajulikana mara moja ni ngazi ya kwanza, hata kama lina mihuri thelathini.

Hata jedwali zuri halitoshi bila wasahihishaji kukubaliana. Wengi wenu mmewahi kusahihisha mitihani ya taifa, na mnajua kwamba Baraza la Mitihani haliwaachii mkaanza kusahihisha siku ya kwanza mnapofika kituoni. Mnakaa kwanza kwenye usanifishaji, mnasahihisha majibu yaleyale, mnalinganisha, mnabishana, mpaka alama ya mtu wa Mbeya na ya mtu wa Tanga zinakaribiana. Nashangaa kwamba nidhamu hii, tunayoiheshimu kwa mtoto wa kidato cha nne, hatuifuati kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ambaye kazi yake kwa kawaida husomwa na mhadhiri mmoja akiwa peke yake nyumbani usiku. Tukisahihisha kazi 20 watu wawili wawili na tukakubaliana katika kazi 16, hiyo ni asilimia 80. Lakini tukumbuke kwamba katika ngazi nne, hata watu wawili wanaokisia tu bila kusoma wangekubaliana kwa bahati katika robo ya kazi hivi. Kwa hiyo asilimia 50 isitufurahishe. Na msahihishaji wa pili, kwa maoni yangu, awe mkuu wa shule au mthibiti ubora mwenye uzoefu, ambaye masikio yake husikia mambo ambayo sisi wa chuoni tumeyasahau.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa sababu kipimo chake ni rahisi zaidi kukitengeneza. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika utaratibu ulioanza pamoja na elimumsingi bila malipo mwaka 2016, shilingi 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Mpe mwanafunzi shule ya watoto 900. Atapata shilingi 5,400,000 kwa mwaka, yaani 450,000 kwa mwezi. Mpe mpango wa maendeleo wa shule hiyo, bili ya umeme, choo kilichojaa, mitihani ya majaribio inayohitaji karatasi, na fedha iliyochelewa mwezi mmoja. Mwambie aandae bajeti ya robo mwaka na aitetee mbele ya jopo ambalo ndani yake yumo mjumbe wa kamati ya shule aliyewahi kuikataa bajeti ya mwalimu mkuu wake. Kazi hii kila mwanafunzi aifanye, bila hiari.

Wapo watakaouliza kuhusu wanafunzi wetu ambao si viongozi, nao ni wengi: mwalimu wa kawaida anayesoma jioni au mwisho wa juma, ambaye hana ofisi wala mamlaka. Tusimpime katika kazi asiyoweza kuipata. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunaouita MEWAKA, umeweka jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule, na jumuiya hizo zinahitaji wawezeshaji. Mwalimu asiye na cheo anaweza kuongoza mzunguko mmoja wa jumuiya ya somo lake: walimu wachague tatizo, wapange somo pamoja, mmoja afundishe wengine wakitazama, kisha wajadili. Kwa kweli kumwongoza mwenzako ambaye huna mamlaka juu yake ni kipimo kigumu kuliko kumwongoza uliye na uwezo wa kumwandikia barua.

Kuna kipimo kimoja ambacho nimekuwa nikiombwa nikiunge mkono, nami sikiungi: kumpima mhitimu wetu kwa matokeo ya mitihani ya taifa ya shule yake. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Miezi michache baadaye yalifutwa na kupangwa upya kwa utaratibu mwingine, na idadi ya waliofaulu ikapanda. Wakuu wa shule walikuwa walewale, na karatasi za wanafunzi zilezile. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule na watahiniwa bora. Ufaulu wa shule hubeba uhaba wa walimu, umbali wa kutoka nyumbani, uteuzi wa wanafunzi, na njaa ya mchana. Kumwekea mhitimu mmoja mzigo huo mwaka mmoja baada ya kuhitimu ni kumwonea, na tena kutamfundisha kukwepa kupangiwa shule ngumu, ambazo ndizo zinamhitaji zaidi.

Sisemi kwamba uongozi haugusi ujifunzaji wa watoto. Kenneth Leithwood na wenzake walihitimisha mwaka 2004 kwamba, miongoni mwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa shule, uongozi ni wa pili baada ya ufundishaji wa darasani. Viviane Robinson na wenzake, katika uchambuzi wao wa mwaka 2008, walitenganisha aina za kazi za kiongozi na kukuta kwamba kushiriki pamoja na walimu katika kujifunza kwao kuna athari ya ukubwa wa 0.84, wakati ile ya kuweka mazingira yenye utulivu ilikuwa 0.27; katika kipimo hiki cha takwimu, namba ikiwa kubwa zaidi na athari ni kubwa zaidi. Tafiti hizo hazikutoka kwetu, nasi tuna kazi ya kufanya za kwetu. Hata hivyo zinatusaidia kuchagua pa kuelekeza nguvu za upimaji: tupime kwa uzito mkubwa zile kazi za kiongozi zinazomfikia mtoto kupitia kwa mwalimu.

Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kuhusu ngazi nne za kutathmini mafunzo: walivyoyapokea, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na kilichotokana na mabadiliko hayo. Dodoso tunazowagawia wanafunzi mwisho wa muhula, wakizunguka “nakubali sana”, zinaishia katika ngazi ya kwanza. Tuziendeleze, lakini tusiziite ushahidi wa kujifunza. Mtu anaweza kulifurahia somo na asijifunze, na anaweza kulichukia somo lililomtikisa. Ngazi ya tatu tunaifikia kwa kumfuata mhitimu baada ya mwaka mmoja au miwili. Hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji orodha sahihi ya namba za simu, afisa elimu kata aliye tayari, na siku mbili za mhadhiri kwa kila muhula.

Lililo gumu zaidi ni kuyafanyia kazi yanayopatikana. Nimekaa katika vikao vya idara ambavyo ripoti ya watahini wa nje husomwa, ikapokelewa kwa shukrani, ikaingizwa katika muhtasari, na mwaka uliofuata mtahini mwingine akaandika yaleyale. Ninachoomba ni kikao kimoja kwa mwaka ambacho hakina ajenda nyingine. Mezani pawe na karatasi moja inayoonyesha, kwa kila tokeo la ujifunzaji, wanafunzi wangapi wamefika ngazi ya tatu na wangapi hawajafika. Tukiona wengi wamekwama katika mrejesho kwa mwalimu, tukubaliane ni wiki gani ya muhula itaondolewa kitu kingine ili mazoezi ya mazungumzo yapate nafasi, na jina la mhadhiri atakayefanya mabadiliko hayo liandikwe. Matokeo sita yanatosha. Mitaala yetu mingine ina zaidi ya thelathini, na hakuna idara ya watu saba inayoweza kupima thelathini kwa uaminifu.

Najua wahadhiri wenzangu mna mizigo. Kusikiliza rekodi ya dakika ishirini kunachukua muda mrefu kuliko kusahihisha insha ya kurasa nne. Ndiyo sababu sipendekezi tuongeze. Napendekeza tuondoe insha mbili katika kila somo husika na mahali pake tuweke kazi moja ya shuleni. Na kwa ninyi wanafunzi, natambua kwamba kusikilizwa sauti yako ukishindwa kunatisha kuliko kurudishiwa karatasi yenye alama nyekundu. Rekodi ya kwanza haitapewa alama. Itatumika kufundishia tu, na itafutwa baada ya hapo. Walimu watakaorekodiwa hawatatajwa, na rekodi hazitapelekwa kwa mwajiri wao kwa namna yoyote, kwa sababu siku itakapopelekwa hata moja, hakuna mwalimu atakayetufungulia tena mlango wa darasa lake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekuja na rekodi tatu za sauti ambazo wahusika wameridhia zitumike hapa, na majina yote yameondolewa. Kila meza ina jedwali la vigezo na karatasi tupu. Naomba kila meza ichanganyike, mhadhiri akae na mkuu wa shule, mthibiti ubora akae na mwanafunzi. Tusikilize rekodi ya kwanza, kila mmoja aandike ngazi anayoona inastahili bila kumwonyesha jirani yake, kisha tuzisome kwa sauti na tuanze kubishana. Nimeomba kwamba mwanafunzi wangu wa lile faili akae meza ya mbele. Amekubali, na leo ndiye msahihishaji wa pili.